Heshima ya Mhunzi Ipimwe kwenye Jiliwa

Mhariri, mmeuliza: kati ya mafundi wa visu wanaosakwa na wakusanyaji, nani anastahili heshima kuliko wote? Swali limenichoma, kwa sababu katika fani hii heshima hugawiwa kwa kutazama jina lililogongwa kwenye ubapa. Bob Loveless, fundi maarufu wa visu wa Marekani, ni Loveless, bei inapanda, basi. Mimi nauliza kwanza heshima hiyo ipimwe kwa nini.

Kipimo kipo. American Bladesmith Society, chama cha wahunzi wa visu kilichoanzishwa Marekani mwaka 1976, humtaka mwanachama anayetafuta daraja la ufundi afue kisu chenye ubapa usiozidi inchi 10. Kwa pigo moja akate kamba ya inchi 1 inayoning'inia. Akate mbao ya mbili kwa nne, mara mbili. Makali yaleyale, bila kunolewa upya, yanyoe nywele za mkono. Mwishowe kisu kinabanwa kwenye jiliwa na kupindwa nyuzi 90, na kisivunjike. Chuma kilichokazwa chote huvunjika hapo. Kilicholegezwa chote kimeshapinda makali kwenye mbao. Ndiyo maana fundi huacha makali magumu, akapasha mgongo peke yake hadi uwe bluu. Na kisu kilichofaulu kimeharibika, hakiingii kabati la mkusanyaji yeyote.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba chuma ndicho kiseme, sifa zingine kelele. Lakini siwezi kukitaja chama hicho bila Bill Moran wa Maryland, mmoja wa waasisi wake, na siwezi kumtaja Moran bila maonyesho ya mwaka 1973 pale Kansas City.

Wakati ule chuma cha tabaka, kinachoitwa cha Dameski, yaani vyuma viwili vilivyounganishwa kwa moto na kukunjwa hadi vitoe mchoro wa mawimbi, kilikuwa karibu kimepotea mikononi mwa wahunzi wa visu wa Marekani. Moran alikwenda na visu vya chuma hicho, akaviweka mezani. Angeweza kuishia hapo na kula jasho lake hadi kufa, maana wateja walikuwa wakimsubiri foleni. Badala yake aligawa bure kijitabu kinachoeleza jinsi alivyovifua.

Aliyewahi kushika nyundo ajue thamani ya karatasi hizo. Vipande vinasafishwa hadi ving'ae, kwa sababu magamba meusi yakibaki katikati, tabaka hazishikani. Boraksi, unga wa kuyeyusha uchafu huo, inanyunyizwa chuma kikiwa chekundu, kisha moto unapandishwa hadi rangi ya njano kali. Ukipitiliza, kinarusha cheche, kimeungua, kitupe. Mapigo ya kwanza yawe mepesi, kuanzia katikati kwenda pembeni, ili boraksi na uchafu vitoke. Ukipiga kwa nguvu mapema, tabaka zinateleza. Ukianza na tabaka 7 ukakunja mara 6, unapata 448. Ufa mmoja uliojificha hujitokeza siku ya mwisho, unaposaga, kazi yote ikaenda. Mtu aliyejifunza hayo kwa kupoteza chuma baada ya chuma akawapa washindani wake!

Basi nikilazimishwa jina, nasema Moran, tena kwa kijitabu chake zaidi ya visu vyake, ingawa hili halipimiki kwenye jiliwa yoyote. Ila hakubuni ufundi huo: Wabelgiji walifua mitutu ya bunduki kwa tabaka karne ya 19. Wala mchoro wa chuma chake si ule wa panga za kale za Uajemi, ambao ulitokana na chuma kilichoyeyushwa kwenye chungu. Na kipimo cha jiliwa kinaupendelea ubapa mkubwa uliofuliwa. Kisu kidogo cha uwindaji cha Loveless, kilichosagwa kutoka kwenye bamba, kina mizani yake. Wala msinunue kila chenye mawimbi kwa ajili ya Moran. Muulizeni muuzaji ni vyuma gani viwili vimeunganishwa na vilikazwaje. Akishindwa kujibu, rudisheni kisu mezani.