Haki Hupotea Kabla ya Korti: Ushauri Kutoka Meza ya Msaada wa Kisheria Nakuru

Niliingia katika kazi ya msaada wa kisheria kwa sababu ya wikendi moja ambayo familia yetu haikujua la kufanya. Ndugu yangu mdogo, ambaye wakati huo alikuwa utingo wa matatu, alikamatwa Ijumaa jioni hapa Nakuru baada ya kugombana na abiria, akaambiwa atashtakiwa kwa kuzua vurugu. Mama alikopa pesa kwenye chama. Nje ya kituo cha polisi tulikutana na mwanamume aliyetuambia kwamba anawajua wenyewe, na kwamba kwa shilingi 8,000 kijana angelala nyumbani usiku ule ule. Tukatoa pesa bila risiti. Kijana akalala seli hadi Jumatatu, na yule bwana hatukumwona tena.

Asubuhi ya Jumatatu, kabla ya kupandishwa kizimbani, mtu fulani alimnong'oneza akubali kosa ili atozwe faini aende zake. Akakubali. Tulilipa faini, tukashukuru Mungu, tukadhani mambo yamekwisha. Miaka miwili baadaye alipoomba kazi ya ulinzi, cheti chake cha mwenendo mwema kilirudi kikiwa na kumbukumbu ya hukumu ile, na kazi ikampita.

Nimeyarudia mambo ya siku zile tatu mara nyingi akilini, na sasa ninaweza kueleza sheria ilikuwa inasema nini kuhusu kila moja. Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataka mtu aliyekamatwa aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake, aruhusiwe kunyamaza, aruhusiwe kuwasiliana na wakili, na afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Muda huo ukiishia siku ambayo mahakama haiketi, anafikishwa siku ya kazi inayofuata. Kwa hiyo, kumleta Jumatatu hakukuwa kosa, na ninalisema hili waziwazi kwa sababu watu wengi hupoteza nguvu kulalamikia jambo ambalo si kosa na kuliacha lililo kosa. Lililotuponyoka ni hili: kifungu hicho hicho kinasema kwamba mtu hawekwi rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita, na kosa aliloshtakiwa lilikuwa la aina hiyo. Tungeweza kuomba bondi ya polisi, yaani ahadi ya maandishi ya kufika kortini, ambayo hailipiwi hata shilingi. Kama polisi wangetaka dhamana ya pesa taslimu, tungedai risiti, kwa sababu pesa hizo ni za kurudishwa mshtakiwa anapotimiza masharti. Na mahakamani angeweza kumwambia hakimu kwamba hajaelewa shtaka, au kwamba anahitaji muda wa kutafuta ushauri kabla ya kujibu. Hakuna hakimu anayemwadhibu mtu kwa kuomba muda. Hata baada ya hukumu kulikuwa na siku 14 za kukata rufaa, nasi tukazimaliza tukisherehekea.

Hayo ndiyo yaliyonipeleka kwenye mafunzo ya usaidizi wa kisheria yaliyotolewa na shirika la haki za binadamu linalohudumu mitaa ya Kaptembwo, Rhonda na Bondeni. Tangu hapo, karibu kila Jumamosi ninaketi kwenye ukumbi wa kanisa, mbele yangu meza ya mbao, daftari kubwa jeusi na kalamu mbili, nikisikiliza. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 inawatambua wasaidizi wa kisheria, lakini wao si mawakili na hawaruhusiwi kumwakilisha mtu kortini. Tunaloruhusiwa ni kueleza sheria kwa lugha nyepesi, kusaidia kuandika barua, kumwelekeza mtu kwenye ofisi ifaayo na kumsindikiza akiogopa kwenda peke yake. Kabla sijaanza nilidhani huo ni msaada mdogo. Nimebadili mawazo, kwa sababu kesi nyingi ambazo nimeona zikipotea zilipotea muda mrefu kabla ya hakimu kusikia neno lolote. Zilipotea kwa sababu mwenyewe alichelewa, au kwa sababu hakuwa na karatasi.

Kuchelewa ndiko kunakoniuma zaidi. Alikuja kwetu mzee mmoja, aliyefanya kazi miaka mingi katika shamba la maua upande wa Naivasha, akaachishwa bila barua, bila kusikilizwa na bila malipo ya likizo zake. Malalamishi yake yalikuwa ya kweli na ushahidi alikuwa nao: hati za mshahara, kadi ya kazi, hata majina ya wenzake walioshuhudia. Nikamuuliza aliachishwa lini. Miaka minne iliyokuwa imepita. Madai yanayotokana na mkataba wa kazi hufungwa baada ya miaka mitatu, na mahakama haina ruhusa ya kuuongeza muda huo kwa huruma. Nilipomuuliza kwa nini hakuja mapema, akanijibu kwa upole kwamba msimamizi alimwambia aende nyumbani asubiri, wangempigia simu. Akasubiri simu. Kila mwaka alipita pale getini kuulizia, na kila mwaka akaambiwa mambo yake yanashughulikiwa.

Tangu siku ile, swali langu la kwanza kwa kila anayeketi mbele yangu ni tarehe. Nakuomba nawe ujiulize kabla ya jambo jingine lolote. Umeumizwa kwenye ajali au umepigwa na mtu? Una miaka mitatu ya kudai fidia. Umevunjiwa mkataba wa kawaida wa biashara? Miaka sita. Ni shauri la kurudisha ardhi? Miaka kumi na miwili. Ukiwa na madai ya madhara dhidi ya serikali, mlango hufungwa haraka zaidi, baada ya mwaka mmoja tu. Mazungumzo na aliyekukosea hayasimamishi saa hiyo. Zungumza naye, ukipenda, lakini jua siku ya mwisho ni ipi na uiandike ukutani.

Upande wa karatasi, ninamkumbuka mama mmoja mjane kutoka Njoro. Mume wake alifariki na shemeji zake wakaanza kulima kipande chake cha shamba wakidai kwamba, kwa kuwa hatimiliki bado ilikuwa kwa jina la marehemu, yeye hana lake pale. Alifika na mfuko wa unga wa kilo mbili, akaufungua polepole, akapanga mezani vitu alivyokuwa navyo: cheti cha kifo, vyeti vya kuzaliwa vya watoto watatu, kadi za kliniki na risiti ya mashine iliyokuwa imefifia hadi ikawa kipande cheupe. Risiti ile ndiyo iliyothibitisha malipo ya awamu ya mwisho ya shamba. Hatukuweza kusoma hata tarakimu moja. Risiti za namna ile hufutika kwa joto na kwa muda, kwa hiyo ukipewa, itoe nakala siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo, ujumbe wa M-Pesa hupotea simu inapoibwa au inapoanguka ndani ya maji. Omba taarifa ya malipo mapema, uichapishe na uihifadhi pamoja na mkataba.

Kilichomwokoa mama yule ni kwamba alikuja shemeji walipokuwa wangali wanalima tu, kabla hawajauza. Tulimwandikia hatua zake kwa mkono. Kwanza, utafutaji rasmi katika ofisi ya ardhi, ili kujua hatimiliki ina jina la nani na kama kuna mkopo juu yake. Pili, barua ya chifu inayotaja wote walioachwa na marehemu, na hapa nasisitiza, wote, kwa sababu kumficha mtoto mmoja kunaweza kuibomoa kesi nzima miaka kadhaa baadaye. Kisha ombi la usimamizi wa mirathi kortini, tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali na siku 30 za kungoja pingamizi. Baada ya kupewa hati ya usimamizi, kwa kawaida hupita miezi sita kabla ya hati hiyo kuthibitishwa na mali kugawanywa. Ni safari ndefu, na wengi hukata tamaa njiani kwa kudhani kwamba ukimya wa mahakama ni kukataliwa.

Shemeji zake tuliwaita, wakaja wawili. Hatukuwatisha. Tuliwasomea Sheria ya Mirathi, Sura ya 160, inayosema kwamba kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya mahakama ni kosa la jinai, na kwamba mke aliyeachwa na watoto ana haki ya kuishi kwenye mali hiyo na kuitumia maishani mwake, huku watoto, wa kike kwa wa kiume, wakiwa warithi sawa. Mmoja wao alishangaa kwa dhati. Aliamini kwamba anatimiza wajibu wa kulinda ardhi ya ukoo. Nimejifunza kutomchukulia kila anayekosea kuwa mwizi. Wengine hawajapata kusomewa sheria hata mara moja.

Katiba yenyewe, katika kifungu cha 159, inahimiza upatanisho na njia za jadi za kusuluhisha migogoro, nami ninaziunga mkono kwa mipaka ya mashamba, madeni na magomvi ya majirani. Lakini kuna jambo ambalo halimalizwi chini ya mti, nalo ni mtoto au mtu mzima kunajisiwa au kubakwa. Nimeona wazee wakipokea mbuzi na pesa kidogo, kisha msichana akarudishwa shuleni kama kwamba hakuna kilichotokea. Njia za jadi haziwezi kukiuka haki za msingi, na makubaliano ya familia hayafuti kesi ya jinai. Likikupata au likimpata mtoto wako, nenda hospitali kwanza, kabla ya saa 72 kwisha, ili upate dawa za kuzuia maambukizi. Usioge, wala usifue nguo ulizovaa. Zitie katika mfuko wa karatasi, kwa sababu plastiki huharibu ushahidi. Kisha piga ripoti kwa polisi, uchukue nambari ya OB, yaani ya kitabu chao cha matukio, na fomu ya P3, ambayo daktari hujaza kuhusu majeraha. Fomu hiyo haiuzwi.

Kwa madeni madogo, watu wengi hapa bado hawajui kuhusu Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na inatakiwa kumaliza kesi katika siku 60. Unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Fundi aliyenyimwa malipo ya useremala, mama mboga aliyekopesha mkahawa, hao ndio wateja wake hasa. Usipeleke pale kesi ya umiliki wa ardhi au ya kazi, kwa maana itarudishwa.

Jambo jingine ni la matapeli, ambao ninawachukia kwa sababu ninajua ladha ya shilingi 8,000 zetu. Shirika la msaada wa kisheria halikutozi ada ili kukusikiliza. Ukiombwa pesa ya kufungua faili kwa jina la shirika, ondoka na utoe taarifa. Ukihitaji wakili wa kulipwa, angalia kwanza katika tovuti ya Chama cha Wanasheria cha Kenya kama ana leseni ya mwaka huu. Kama hauna uwezo, kuna Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, kuna shirika la Kituo cha Sheria lililoanza mwaka 1973, na kwa wanawake na watoto kuna FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake, ambayo kwa watu wa eneo la magharibi ina ofisi Kisumu.

Kwa wenzangu mnaotaka kujitolea kwenye meza kama hizi, naomba mjifunze kunyamaza. Siku zangu za kwanza nilikuwa na haraka ya kuonyesha kwamba ninavijua vifungu, nikawa namkatiza mtu kabla hajafika kwenye kiini cha jambo lake. Mama wa Njoro alizungumza dakika arobaini kuhusu ng'ombe na karo kabla ya kutaja, kama jambo dogo, kwamba shemeji alikuwa amemleta mnunuzi kuliangalia shamba. Sentensi ile ilibadilisha kila kitu, kwa sababu ilitulazimu kuweka zuio kwenye hatimiliki siku iliyofuata badala ya kungoja barua ya chifu. Andika maneno ya mtu kama anavyoyasema, msomee, mwache arekebishe, ndipo atie sahihi au kidole.

Hati yake ya mirathi ilithibitishwa baada ya mwaka mmoja na nusu. Alikuja ukumbini Jumamosi moja asubuhi, akiwa na bahasha mpya ya kaki mkononi, akaniomba nimwelekeze mahali pa kutoa nakala tatu: moja ya kwake, moja ya kumpelekea binti yake aliyeolewa Kakamega, na moja ya kuacha kwetu. Tuliiweka katika kabati la chuma nyuma ya mimbari, kwenye rafu ya pili, na nambari yake imeandikwa katika daftari jeusi.