Mwanangu, injini isifunguliwe kwanza

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili ili nisikujibu nusunusu. Pikapu uliyoinunua mpya ina miaka mitatu na miezi minne, imetembea kilomita 109,000, na waranti ilikuwa ya miaka mitatu au kilomita 100,000. Injini imeanza kugonga ukitoka Sengerema, na wakala wa hapa Mwanza ameisikiliza kwa simu akakutajia milioni 21 za injini mpya. Unauliza kama kampuni inaweza kubeba sehemu ya mzigo huo, au ulipeleke gari Mabatini fundi alifungue.

Kampuni inaweza kubeba. Ila injini isiguswe spana na mtu yeyote mpaka wakala aione. Mafundi wa Mabatini wapo hodari sana, sina neno nao, lakini fundi akishusha sampu tu, lile bakuli la oili chini ya injini, ushahidi wako umekwisha. Wakala atasema oili imemwagwa, beringi zimeshikwa na mikono asiyoijua, na hapo huna hoja. Usiiwashe tena, hata "kuisikiliza kidogo". Kila dakika inayogonga, beringi inakula kranki, ule mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini. Kranki ambayo leo ingechongwa ikavalishwa beringi za saizi ya juu, kesho ni ya kutupa, na konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na kranki, ikikatika inatoboa bloku, yaani mwili wa injini. Tafuta bredauni ya kubeba gari lote juu, matairi yote manne. Tangu daraja la Kigongo–Busisi la kuvuka ziwa kuja Mwanza lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena kupanga foleni ya kivuko, kwa hiyo bei ya bredauni isijumlishe siku ya kusubiri majini.

Sasa elewa unaomba nini. Waranti ikiisha, mkataba wa waranti haumlazimishi mtu. Unachoomba ni hisani ya kampuni: mtengenezaji anakubali kuchangia kwa sababu injini imekufa mapema kuliko ilivyotarajiwa na mteja ameitunza. Wakala mara nyingi halipi kutoka mfukoni mwake. Anaandika ombi, anaambatanisha vielelezo, anapeleka juu. Ndiyo maana hakuna faida kugombana na binti wa mapokezi au kijana aliyekuuzia gari. Mwone meneja wa huduma. Yeye ndiye anayeandika ombi, na akiliandika kwa moyo linasomwa tofauti na akiliandika ili uondoke.

Kabla hujafika kwenye hisani, kagua jambo moja linaloweza kubadilisha kesi nzima. Je, uliwahi kulalamika kuhusu injini hii waranti ikiwa hai? Taa ya oili iliyowaka ikazima, oili kupungua kati ya sevisi na sevisi, mlio wa asubuhi? Kama uliacha gari kwao na malalamiko yakaandikwa kwenye jobu kadi, hilo si ombi la hisani tena. Ni tatizo lililoripotiwa ndani ya muda na halikutibiwa, na unalidai. Omba wakuchapie historia yote ya gari kwenye mfumo wao kwa namba ya chesisi, usitegemee kumbukumbu. Wakati huohuo waulize mawili: kuna wito wa kurudisha magari unaohusu chesisi hii? Na kuna waraka wa kiufundi kutoka kwa mtengenezaji kuhusu beringi au pampu ya oili ya injini hii? Swali la pili wengi hawaulizi, na nyaraka hizo zipo kwa ajili ya mafundi wa wakala. Watengenezaji huenda mbali tatizo likishajulikana. Hyundai, huko Marekani, waliita magari mwaka 2015 kwa sababu mabaki ya chuma ya kiwandani yalikuwa yamebaki kwenye njia za oili za kranki za injini za Theta II, na mwaka 2019 wakatangaza waranti ya maisha ya beringi za konrodi kwa injini hizo. Hiyo ilikuwa ya magari ya huko, usiipeleke kama haki yako. Nakuonyesha tu kwamba "waranti imeisha" si lazima liwe neno la mwisho.

Karatasi ndizo zitakazokubeba au kukuangusha. Kusanya kila sevisi tangu kilomita sifuri. Zile ulizofanya nje ya wakala si dhambi, mradi zina ushahidi, na hapa wengi hukwama: risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, inaonyesha tarehe na fedha, mara nyingi haionyeshi namba ya gari wala kilomita. Rudi kwa waliokufanyia, waombe ankara yenye namba ya gari, kilomita, aina ya oili, kiasi na filta. Waandike kilichofanyika kweli, si zaidi. Kama kitabu cha gari kinataka lita 8 na ankara inaonyesha dumu moja la lita 5, wataliona, na watakuwa na haki ya kuuliza. Halafu soma kwenye kitabu sehemu ya mazingira magumu. Vumbi la barabara za Sengerema na Geita linaingia humo, na vitabu vingi hupunguza muda wa kubadilisha oili kwa mazingira hayo, mara nyingine hadi nusu. Kama ulikuwa unabadilisha kila kilomita 10,000, meneja atakuuliza hilo. Usikane. Mpe na ankara za filta ya hewa, maana vumbi lililopenya huacha alama kwenye bomba la kuingizia hewa, na bomba safi linakutetea.

Gari likifika, usikubali "injini imekufa" kama jibu. Mlio peke yake hautoshi: kwenye dizeli nozeli mbovu ya kupulizia mafuta inagonga karibu sawa na beringi, na ukikata mafuta ya silinda moja mlio unaweza kupungua kwa yote mawili. Omba vipimo mbele yako. Kwanza kiwango cha oili kwenye dipstiki, upige picha kabla haijaguswa. Pili presha ya oili kwa geji ya mkono, si taa ya dashibodi. Tatu, filta ya oili ikatwe, karatasi yake ikunjuliwe na kutandazwa kwenye mwanga. Hapo utaona mwenyewe. Mng'ao wa shaba au wa fedha usionaswa na sumaku kwa kawaida ni beringi. Chembe nyeusi zinazorukia sumaku ni chuma, pengine kutoka pampu, kranki au cheni. Karatasi ikiwa safi na presha nzuri, simamisha habari ya injini mpya na nozeli zipimwe kwanza. Filta hiyo ifungwe kwenye mfuko wenye tarehe na namba ya gari.

Wakitaka kufungua zaidi, waandike kwanza gharama ya kufungua, na kwamba ombi likikubaliwa gharama hiyo inaingia kwenye ombi. Bila karatasi hiyo utajikuta na injini vipandevipande na bili juu yake.

Ombi lako liwe ukurasa mmoja. Andika hivi: "Gari nililinunua jipya kwenu tarehe fulani, sevisi zote nimefanya, nakala zimeambatishwa. Limeharibika kilomita 9,000 na miezi minne baada ya waranti. Uchunguzi wenu wa tarehe fulani umeonyesha beringi zimeharibika, oili ikiwa kwenye kiwango. Naomba kampuni igharamie vipuri, nami nigharamie ufundi. Naomba namba ya ombi na jibu kwa maandishi." Usitaje mitandao ya kijamii, usitishie wakili. Ombi la heshima lenye vielelezo ni vigumu kulitupa.

Wakijibu "asilimia 30", usikasirike wala usipokee papo hapo. Uliza ni asilimia 30 ya nini: ya vipuri, au ya bili yote? Uliza kama nusu injini, yaani bloku na vya ndani yake bila silinda hedi, inatosha badala ya injini nzima, maana kama silinda hedi na turbo ni nzima huna sababu ya kuvinunua upya. Ila turbo waipime kweli, inalainishwa na oili ileile yenye chembe, na kipoza oili kibadilishwe, hakisafishiki vizuri. Injini mpya ikikaa juu ya kipoza chenye chembe inakufa ndani ya miezi. Kazi yenyewe iwe na waranti yake kwa maandishi.

Wakikataa, omba sababu kwa maandishi, kisha peleka faili lilelile kwa msambazaji Dar es Salaam, na baadaye kwa mtengenezaji. Tume ya Ushindani, FCC, iwe ya mwisho, na hasa kama jobu kadi zinaonyesha uliripoti mapema. Injini ya mtumba kutoka Japani tutaizungumza milango hiyo ikifungwa.

Usiku huu piga picha kurasa zote za kitabu cha sevisi na dashibodi ikionyesha kilomita. Swichi igeuze ya kuwasha taa tu, usifike kwenye stata. Nitumie, nizipange kwa tarehe kabla hujamwona meneja.

Baba yako