Ndege ilipaa tena badala ya kutua

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mfanyabiashara wa Arua. Nilikuwa narudi kutoka Dubai, na alfajiri ndege ikatikisika sana juu ya ziwa. Tulipokaribia kabisa kutua Entebbe, injini zikanguruma ghafla, tukapaa tena. Watu walipiga mayowe. Baadaye tulitua salama, ila hatukuelezwa kitu. Mwezi ujao nampeleka mama India kwa matibabu, na usingizi umeniruka. Tuahirishe?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Pole sana, lakini usiahirishe matibabu ya mama kwa sababu hiyo. Nimekuwa mhudumu wa ndege miaka mingi na kupaa tena nimekuona. Kila rubani hufanya mazoezi ya kupaa hivyo. Upepo ukigeuka, mvua ikimziba macho, au ndege nyingine ikiwa bado haijaondoka njiani, anaongeza nguvu, anapanda na kuzunguka upya. Wa kuogopwa ni rubani anayeng'ang'ania kutua. Rubani anayepaa tena mwanzoni hukaa kimya kwa kuwa mikono imejaa kazi na mnara wa kuongozea ndege unamsubiri. Baada ya hapo mlistahili kuelezwa, na hilo nalisema wazi.

Na ziwa je? Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji ya Victoria. Hewa baridi humiminika ziwani kutoka kandokando, ile yenye joto na unyevu inasukumwa juu, mawingu ya radi yanajikusanya hadi asubuhi. Mabawa utayaona yakipinda. Yameundwa yapinde, na hupimwa kwa mzigo unaozidi kwa nusu ule mkubwa kabisa unaotarajiwa angani.

Ninachokihofia mimi ni mkanda. Mei 2024 ndege ya Singapore Airlines iliyotoka London ilikumbwa na msukosuko mkali juu ya Myanmar. Ndege ilitua Bangkok, lakini abiria mmoja alifariki na makumi wakaumia. Wasiojifunga walirushwa juu kisha wakaanguka.

Wazee wetu huufungua mkanda wakisema unabana tumbo. Mshushie mama mkanda chini, ukae kwenye nyonga. Msindikize chooni taa ya mkanda ikiwa imezimwa, asingoje hadi azidiwe. Akilala, ufunge juu ya blanketi ili mhudumu auone bila kumwamsha. Kiti cha magurudumu kiombe mnapokata tiketi, msingoje kufika uwanjani. Dawa zake zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na barua ya daktari.