Jibu: Majivu ya volkano yaliua dayatomu za ziwani?

Habari ndugu. Kama nimekusoma vizuri, kwenye tope la ziwa lako la mlimani umekuta tabaka la majivu ya volkano, dayatomu (mwani mdogo wa seli moja wenye gamba gumu kama kioo) zimepungua ghafla ndani yake, na unauliza kama majivu ndiyo yaliyoziua.

Usikimbilie vifo. Angalia kwanza umehesabu vipi. Ukihesabu kwa gramu ya tope, majivu yaliyoanguka kwa siku chache yanajaza sampuli, na dayatomu zinaonekana adimu hata kama hazikufa. Niliwahi kuingia mkenge huo, nikarudia slaidi zote. Kwenye hadubini, chembe ya majivu ina kingo kali kama chupa iliyopasuka. Haina vile vitobo vilivyopangwa mistari kama gamba la dayatomu.

Halafu maziwa hayafanani. Volkano ya Puyehue-Cordón Caulle, huko Chile, ilipolipuka Juni 2011, majivu yaliangukia maziwa ya Andes upande wa Argentina, yenye maji maangavu mno. Mwanga ulipungua, fosforasi, kirutubisho cha mwani, ikapanda, na mwani ukaongezeka! Kule jua lilikuwa kali kupita kiasi, kivuli kikaufaa. Spirit Lake, chini ya volkano ya Mount St. Helens huko Marekani, mwaka 1980 ilikuwa habari nyingine: vifusi na magogo vilimwagika ziwani, bakteria wakamaliza oksijeni, maji yakawa meusi.

Kwa hiyo linganisha aina za dayatomu chini na juu ya tabaka, si idadi tu. Tabaka lako lina unene gani? Weka picha.