Upole haukuzuii kuwa nesi, uliza tu

Mdogo wangu, umesema sista alikukaripia mbele ya wagonjwa ulipouliza dozi, tokea hapo wodini huulizi tena, na sasa unaona kwa ukimya wako huu hufai unesi. Hilo la mwisho silikubali hata kidogo. Ukimya ni maumbile, na mara nyingi wenye haya ndo wanaokaa wakamsikiliza mgonjwa (waropokaji washapita vitanda vitatu hawajasikia kitu).

Shida ni hiyo wodi, mtu akiuliza anaaibishwa. Kuna mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, miaka ya 90 alichunguza makosa ya dawa mahospitalini, akakuta timu zinazoelewana ndo zenye makosa mengi yaliyoripotiwa, akaja kuona si kwamba wanakosea zaidi ila hawaogopi kusema, kwa wakali kosa linafichwa tu na anayeumia mgonjwa.

Sasa wewe maswali ya kawaida yaandike kwenye kidaftari, msubiri sista raundi ishe akiwa peke yake, wakati wa kupokezana zamu usimguse kabisa. Au mtafute nesi mwengine mwenye subira, hakosekani. Lakini dozi usikae nayo, kama huna hakika uliza hapohapo hata ukigombezwa, usichome sindano kwa kubahatisha wallahi. Akikudhalilisha tena mwambie faragha mwalimu anaekuja kuwasimamia fildi, mpe siku na maneno yalosemwa. Na kama mko wengi nendeni pamoja, ukenda peke yako utaambiwa unadeka.