Insha ya afya ya kesho ianzie zahanati ya kijijini kwenu

Mwanafunzi akipewa mada ya afya mwaka 2050 kwenye shindano la insha na michoro, kalamu hukimbilia roboti linalopasua wagonjwa katika jiji la maghorofa. Jaji akishasoma kazi kumi za namna hiyo, ya kumi na moja haimshtui tena. Wewe wa Makete, Mufindi au Rungwe unapajua kwenu kuliko jaji yeyote. Anzia hapo.

Chagua tatizo moja tu. Udumavu, kwa mfano, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake kwa sababu ya lishe duni. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 30. Na huu ni mkoa unaolisha wengine mahindi! Usijibu kwa "elimu itolewe". Mwonyeshe mama aliyekwenda shamba alfajiri, na mtoto aliyebaki na dada yake na uji wa sembe tupu, halafu utuambie nyumba hiyo imebadilika nini ifikapo 2050.

Au chukua jokofu la chanjo. Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Wengi hudhani adui ni joto peke yake, kumbe chanjo ya pepopunda na ya homa ya ini B huharibika zikiganda, na Kitulo, kule Makete, msimu wa baridi hupiga sakitu, umande ulioganda. Kwenye kichupa kuna alama ya mraba ndani ya duara. Mraba hukoza rangi kadiri kichupa kinavyopata joto, ila juu ya kuganda hausemi lolote. Muuguzi mwenye shaka hugandisha kichupa kingine cha aina na toleo lilelile, hukiacha kiyeyuke, kisha huvitikisa vyote viwili na kutazama mashapo, zile chembe zinazotua chini. Yakitua upesi sawa na ya kile kilichogandishwa, chanjo hiyo haifai. Sasa buni kitu kitakachompunguzia kazi hiyo. Ubunifu wa namna hii una mizizi, na jaji huuona mara moja.

Ili upate habari kama hizi, omba barua shuleni umpelekee mganga mfawidhi, uende siku isiyo ya kliniki. Uliza kifaa gani huharibika mara kwa mara na nani hukitengeneza. Majina ya wagonjwa usiandike, hata kwenye daftari lako.

Katika kuandika, shika mtu mmoja na siku yake moja. Kila kifaa unachobuni kijibu maswali matatu: nani analipia, nani anakitengeneza, na umeme unatoka wapi mvua ikinyesha wiki nzima. Hapa ndipo kazi nyingi hufa, kwa sababu mwandishi alibuni mashine akasahau kijiji. Ukimaliza, futa aya ya kwanza uone kama insha inasimama bila hiyo. Zile zinazoanza na "afya ni hali ya kuwa mzima" husimama vizuri zaidi zikikatwa.

Kwa mchoro, pitishia kalamu nyeusi juu ya penseli, maana penseli hupotea kwenye picha. Piga picha karibu na dirisha, bila flashi, simu ikiwa sambamba na karatasi. Soma masharti ya umri na idadi ya maneno kabla hujaanza, na fomu ya ridhaa ya mzazi isainiwe mapema, hasa kwa wanaosoma bweni mbali na nyumbani.