Boma linasubiri mkupuo

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama mwanachama wa mfuko wa pensheni aruhusiwe kuchukua sehemu ya akiba yake mapema ili anunue nyumba au alipe ada. Jibu langu ni hapana. Kwa mtumishi wa umma wa Tanzania hakuna akiba iliyokaa kwenye kapu lenye jina lake. Kuna miezi aliyochangia na mshahara wake. Mengine yote ni kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao.

Kumbukeni Desemba 2018. Mkupuo, yaani fedha anazolipwa mstaafu kwa mara moja, wa waliokuwa kwenye mifuko ya PSPF na LAPF ulishushwa kutoka asilimia 50 hadi 25, na wengi wakadhani kilichoondoka ni nusu. Haya, pigeni hesabu ya mwenye mshahara wa milioni 1 na miezi 360. Zamani ungegawa 360 kwa 540, ukazidisha kwa milioni 12 za mwaka, ukapata milioni 8. Nusu yake mara 15.5 ni milioni 62. Kanuni mpya ilileta kigawanyo cha 580, kizidisho cha 12.5 na robo badala ya nusu: milioni 23.3. Karibu theluthi mbili zimeyeyuka! Pensheni ya mwezi ilipanda kutoka 333,000 hadi 465,000, lakini boma, nyumba iliyoishia kuta, halipauliwi kwa nyongeza ya 132,000 kwa mwezi. Tarehe 28 ya mwezi huo Rais Magufuli akasitisha kanuni hiyo. Mwaka 2022 ukaja mkupuo wa asilimia 33, na 2024 waliokuwa PSPF na LAPF wakapewa 40, yaani milioni 37.2 kwa mtumishi yuleyule.

Kelele zote zile zilikuwa za nyumba. Mkupuo ndio mkopo wa nyumba wa mwalimu, nao unamfikia ana miaka 60, watoto wameshamaliza chuo. Hapo msimamo wangu unaanza kuyumba.

Uganda, tangu 2022, mwenye miaka 45 aliyechangia miaka 10 anachukua asilimia 20. Kenya, tangu 2020, ni hadi asilimia 40, isizidi shilingi milioni 7 za kwao, kwa nyumba ya kuishi tu. Lakini wenzetu hao wana salio. Kwetu kuchukua mapema maana yake ni kukata miezi ya michango, na ukishuka chini ya 180, pensheni ya kila mwezi huna. Waliochukua fao la kujitoa, malipo ya anayeacha kazi kabla ya kustaafu, wakarudi kazini wanalijua hilo: walianza kuhesabu upya.

Basi iruhusiwe, kwa aliyefikisha miezi 240, asikate zaidi ya 60, na fedha ziende kwa muuzaji mwenye hati. Ada ningeiacha nje, labda ya mwaka wa mwisho wa chuo, ilipwe chuoni moja kwa moja. Ila mwezi utakaouzwa leo kwa mshahara wa milioni 1 huenda ungehesabiwa kwa milioni 2 wakati wa kustaafu. Hilo liandikwe kwenye fomu, juu kidogo ya mahali pa kutia sahihi.